Hapa Watoto Wanalala Chali

Mgeni akifika kiwandani kwetu na kusikia dada yangu anaitwa Mama Chali, hudhani ana mtoto wa jina hilo. Wengine humwuliza kwa adabu zote, "Chali hajambo?" Naye hujibu bila kutabasamu, "Hajambo, amelala." Mtoto wa hivyo hana. Ana vijana wawili wenye ndevu, na hilo jina alibandikwa na wanawake wa cherehani kwa kumkomoa, maana ukimwachia mwanao, kabla hujamaliza kuaga amekwisha kumlaza chali. Walidhani litamuudhi. Yeye akalipokea kama aliyeletewa gauni jipya, na siku hizi ukimwita kwa jina lake halisi hageuki.

Mimi ni mdogo wake, tumbo moja. Kazi yangu ni pasi. Kiwanda chetu kinashona sare za shule, na meza yangu imeegemea ukuta wa chumba cha watoto. Katika ukuta huo kuna dirisha dogo la kupitishia chupa za maziwa, mkono unapenya, kichwa hakipenyi. Kwa hiyo haya ninayosema sikuhadithiwa. Niliyaona mwenyewe nikiwa na pasi ya moto mkononi, na zipo siku nilitamani kuitumia kwa kazi nyingine.

Ili unielewe, lazima kwanza ujue shati linavyoshonwa kwetu. Shati moja hupita mikono mingi. Huyu anaunga mabega, yule anatia mikono, mwingine anashona kola, mwingine vifungo, wote wamekaa kwenye mstari mmoja, na shati linatembea kutoka cherehani hadi cherehani mpaka linanifikia mimi. Mmoja akiinuka, kazi inarundikana kwake kama mlima na wenzake wa mbele wanakaa wanatazamana. Sasa weka hapo mama mwenye mtoto mchanga. Mtoto akilia, mlezi anagonga dirisha, mimi naita, mama anainuka, mstari unakwama, na wenzake wanamkata jicho. Hakuna anayesema kitu. Lakini ukirudi na titi linalovuja, unakuta kimya kile ambacho wanawake tu wanakijua, na ni afadhali matusi.

Ndiyo maana kila mama pale alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: mtoto alale, alale fofofo, asiamke mpaka kengele ya mapumziko. Na kila mama alijua, kwa kuambiwa na mama yake na bibi yake na jirani yake, kwamba mtoto ukimlaza kifudifudi analala usingizi mzito.

Hapo ndipo walipokutana na dada yangu.

Yeye naye alikuwa mshonaji kabla mgongo haujamkatalia. Alipohamishiwa chumba cha watoto alikuwa akiwalaza anavyoagizwa, huyu tumbo, yule ubavu. Kisha nesi wa kliniki ya jirani akaja siku moja kuzungumza na walezi. Akawaambia mtoto mchanga akilala alazwe chali, kila usingizi, wa mchana na wa usiku. Alale mahali pagumu palipo sawa, pasiwe na mto, wala blanketi zito, wala kitu chochote laini karibu na uso. Ubavu nao hapana, maana akijipindua kidogo tu yuko kifudifudi. Dada yangu si mtu wa kukubali kitu kirahisi. Alimkalia nesi kooni. Na akicheua? Na akishtuka? Na kichwa kikiwa bapa? Nesi akamjibu moja moja, akamchorea na koo kwenye karatasi, kwamba mtoto akiwa chali njia ya hewa iko juu na njia ya chakula iko chini, kwa hiyo akicheua atatema au atameza, hapaliwi kirahisi. Kuhusu kichwa akamwambia, mlaze kifudifudi akiwa macho, wewe ukimtazama, acheze, anyanyue shingo. Ila kulala ni chali.

Na ule usingizi mzito? dada akauliza. Nesi akasema, huo ndio wenyewe unaotutisha. Mtoto akilala chali anaamka ovyo, analia, anakusumbua, na huko kuamka ndiko kunakomlinda, kwa sababu pumzi ikimbana anashtuka. Akiwa kifudifudi hashtuki upesi.

Dada aliporudi chumbani hakuita mkutano. Aligeuza watoto wote chali, akaketi, akasubiri walie. Wakalia.

Jamani, zile siku za kwanza. Nilikuwa nagongewa dirisha mpaka mkono wa kuume unapiga pasi na wa kushoto unapungia akina mama. Walimjia juu. Walisema anawatesa watoto, walisema amechoka kazi anataka kufukuzwa apumzike. Mmoja akamwambia, "Mama, sisi wote tulilazwa kifudifudi, na tupo." Dada yangu akamjibu, "Wewe upo, ndiyo. Ambaye hayupo angekuja saa ngapi kunieleza?"

Polepole watoto wakazoea. Ni kweli hawakulala kama magogo, lakini walilala. Akina mama wakazoea pia, wakinung'unika. Kilichobaki kikawa vita vya mito.

Hapa nitawasema wenzangu, na wakinuna wanune. Mshonaji akijifungua, kitu cha kwanza anachofanya ni kumshonea mtoto mto. Si wa kununua, hapana. Anakusanya mabaki ya vitambaa chini ya meza, anajaza sponji na nyuzi, anautia marembo, kisha anauleta kiwandani wote tuuone. Ni mashindano. Huyu ametia ua, yule ametia kingo za rangi mbili, mwingine ameandika jina kwa uzi unaong'aa. Yote ni mapenzi, sikatai. Lakini unamchukua kiumbe ambaye shingo yake haijakaza, unamweka kwenye kitu kinachobonyea, unasema umempenda. Dada yangu aliipokea mito yote kwa mikono miwili, akaisifu, akaipanga juu ya kabati mstari mzima kama duka, na jioni alimrudishia kila mtu wa kwake. Mtoto hakuugusa.

Mito hiyo ilimletea maadui wengi kuliko hata kilio. Na adui mkubwa alikuwa Mwendokasi.

Mwendokasi ndiye mshona kola wetu. Jina linajieleza. Mguu wake ukikanyaga pedeli, hata fundi wa mashine husimama kutazama. Kola ndiyo moyo wa shati, na mstari mzima unamtegemea yeye. Alikuwa amejifungua binti kabla ya wakati, kitoto kidogo hivi, tukamwita Kifungo. Ukimshika unaogopa atakuponyoka. Mwendokasi alimlea nyumbani mpaka alipoona nafasi yake kwenye kola inanyemelewa, akarudi kazini, na Kifungo akaingia chumba cha dada yangu akiwa na mto wa bluu, mnene, wenye kingo nyeupe. Haki ya nani ulikuwa mto mzuri. Nimepiga pasi maisha yangu yote na sijaona mshono ulionyooka vile.

"Huu hatalalia," dada yangu akasema.

"Mama Chali, huyu si kama wengine. Ni mdogo. Anahitaji kushikwashikwa na kitu, ajisikie yuko kwangu."

"Kwa sababu ni mdogo ndiyo maana hatalalia. Aliye wa kwanza kuwa hatarini ndiye wa kwanza kulazwa chali."

Kifungo alikuwa mlizi. Akilazwa chali alitupa mikono kama anayeanguka, akashtuka, akalia kisauti chembamba kilichopenya hata mngurumo wa cherehani. Dada yangu alikaa naye, akamwekea kiganja kifuani mpaka atulie, akimwimbia vitu visivyo na maneno. Lakini maziwa hakuwa nayo, na kila mara nililazimika kuita. Mwendokasi akaanza kuchelewesha kola. Wenzake wakaanza kile kimya.

Ndipo akaja msimamizi mpya. Wa zamani alikuwa mzee wa kusinzia, huyu alikuwa na saa mkononi na macho hayakai mahali pamoja. Hakuwa mtu mbaya, nisimpake matope. Alikuwa amepewa idadi ya mashati na aliitaka idadi yake. Akatembea mstari mzima akitafuta panapokwama, akafika kwenye kola, akauliza, na Mwendokasi akamwambia ukweli wote. Kwamba mtoto analia. Kwamba angelala vizuri kama angelazwa kifudifudi, lakini mlezi ana kichwa kigumu.

Siku ya pili, wakati wa chakula, msimamizi aliwaita akina mama wote kwenye chumba cha watoto. Mimi nilijipenyeza. Hakuniita mtu, lakini nani angenizuia?

Akasema kwa upole kwamba ameelezwa tatizo, na kwamba wenye watoto ni akina mama wenyewe, kwa hiyo waseme wanataka watoto wao walazwe vipi. Wengi wakatazama sakafu. Mwendokasi akasema, "Mimi nataka mwanangu alazwe kifudifudi, kwenye mto wake. Ni mwanangu."

Dada yangu alikuwa amekaa kwenye kile kigoda chake kifupi, Kifungo yuko mapajani. "Ni mwanao," akasema. "Ukiwa naye nyumbani nitakusihi, sitakulazimisha. Akiwa mikononi mwangu ninamjibia mimi."

Hapo mshona vifungo, mwanamke mpole asiye na neno na mtu, akauliza lile lililokuwa likizunguka kiwandani miaka yote. Watu walikuwa wanaamini kwamba dada yangu alifiwa. Kwamba yuko mtoto wa kwanza, aliyelazwa vibaya, asiyetajwa, na ndiye anayemfanya awe king'ang'anizi hivi. Walimhurumia kwa hilo, wakalisema kwa minong'ono. Mshona vifungo akamwambia, "Mama Chali, tuambie leo tukuelewe. Ulimpoteza mtoto?"

Nakwambia angesema ndiyo, wangelia naye wote, na vita vingeishia pale.

"Hapana," dada yangu akasema. "Sijazika mtoto. Wangu mnawajua, wanakuja hapa kunisalimia wakiwa na njaa. Na humu ndani hajafa mtoto wa mtu tangu nikabidhiwe ufunguo." Akawatazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo mnataka nizike ndipo mniamini? Haya. Nimzike wa nani? Nichagulieni. Wa nani?"

Mshona vifungo alimvuta mwanae kifuani bila kujua kama anafanya hivyo.

Lakini hofu ya mtu huwa haidumu zaidi ya muda wa chakula, na kengele ilikuwa inakaribia. Msimamizi akakohoa. Akasema kuanzia kesho watoto watalazwa jinsi wanavyotulia, na mlezi asiyeweza, yupo atakayeweza.

"Siwezi," dada yangu akasema. "Na hata ningeweza, nisingefanya."

Akamlaza Kifungo kwenye kigodoro, chali, akamnyoosha kiblanketi chepesi hadi kifuani, akakichomeka pembeni. Akavua aproni. Akauweka ufunguo kwenye kiganja cha msimamizi na kukifunga kile kiganja kwa vidole vyake mwenyewe, kama unavyompa mtoto peremende asiidondoshe. Kisha akavaa viatu akatoka. Nilikuwa na maneno ya kumwaga pale hadi kesho yake.

Jioni nilimwambia kwamba naacha kazi. Potelea mbali, wapige pasi kwa makalio. Alikuwa anakata vitunguu. Akaniuliza, "Ukiacha, nani atachungulia kwenye dirisha?"

Kesho yake nikaenda kazini.

Na yeye pia akaenda. Ndiyo, kafukuzwa, lakini alioga, akavaa aproni yake nyingine, akaja nami mpaka getini. Mlinzi akasema hawezi kumruhusu kuingia. Akamwambia, "Sijakuomba." Akakaa kwenye ukingo wa mtaro, mkabala na geti, na kila mama aliyepita na mtoto alimwuliza swali moja, tena kwa sauti ya kawaida tu. "Jana alilalaje?" Si salamu, si lawama. Jana alilalaje. Jioni wakitoka, yupo. "Leo amelalaje?" Mvua ikinyesha, yuko chini ya mwavuli. Msimamizi akamtuma mlinzi amwondoe, mlinzi akarudi akasema, mzee, mtaro ni wa serikali.

Wengine wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Mwendokasi hakuzunguka. Alipita mbele yake kichwa juu na kujibu, "Amelala vizuri. Kuliko kwako." Na ilikuwa kweli. Chumba kilikuwa kimya. Mlezi mpya, msichana mwenye heshima ambaye nilitaka kumchukia nikashindwa, alifanya alivyoagizwa: wote kifudifudi, kila mmoja na mto wake, na kwa wale wanaohangaika alikunja mabaki ya vitambaa akawabana huku na huku wasigeuke. Nilipomwambia ni hatari, macho yalimjaa machozi, akasema, "Dada, mimi nimeambiwa. Nikikataa nitatolewa kama yule." Sikugongewa dirisha tena. Kola zilikuja kwa wakati. Mstari uliteleza, msimamizi akaacha kutazama saa, na kile kimya cha wanawake kikaisha, wakawa wanacheka na Mwendokasi.

Mimi niliyekuwa karibu na ukuta ndiye niliyeona kitu kingine. Mwendokasi alikuwa ameanza kusikiliza. Katikati ya kola alikuwa anainua mguu kwenye pedeli, mashine inanyamaza kidogo, anatega sikio, kisha anaendelea. Siku ya kwanza mara moja. Baadaye kila kola. Alikuwa amekitafuta kimya kile kwa udi na uvumba, na sasa amekipata, hakimpi raha.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto, la kukutoa jasho hata ukikaa bure. Nilichungulia kama kawaida. Kifungo alikuwa kwenye mto wa bluu, ananyanyua kikalio, anasukuma miguu, anazungusha pua kutafuta upande. Nikaona mto unavyobonyea na uso wake unavyozama. Nikamtafuta msichana, hayumo, ametoka nje bombani kufua nepi. Nikagonga dirisha. Kifungo akasukuma tena mara moja. Kisha akatulia.

Mkono wangu ulipenya dirishani mpaka begani na haukufika hata karibu. Mlango wa chumba uko upande wa mbele, karibu na meza ya kola, mimi niko mwisho kabisa. Sikujua nimeiacha pasi juu ya shati la mtu mpaka baadaye niliponusa. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo.

"Mwendokasi, mwanao."

Sikusema zaidi. Na nadhani alikuwa ameinuka kabla sijamaliza, kama mtu aliyekuwa ameshika roho mkononi siku zote hizo. Kiti kikaanguka. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, akanyoosha mkono akisema, "Wewe, kola," naye akapita chini ya mkono ule, sijui vipi, mwanamke mwenye umbo kubwa vile. Nilipofika alikuwa amepiga magoti na amemgeuza. Kisogo kimelowa jasho, paji la uso lina alama ya mshono wa kingo nyeupe, na midomo ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuisema. Akamwinua. Akamsugua mgongo, akamsugua nyayo, akimwita. Hakumwita Kifungo. Alimwita kwa jina lake lile alilopewa nyumbani, ambalo mimi sikuwahi kulisikia.

Kisha kifua kikapanda. Kikashuka. Na ile sauti nyembamba iliyokuwa imetutoa roho wote ikatoka, dhaifu kwanza, halafu kali, halafu hasira tupu.

Haki ya Mungu, nilikaa chini sakafuni nikacheka kama mwehu.

Nyuma yangu cherehani zilianza kuzima, moja baada ya nyingine. Akina mama wakaingia bila kuomba njia. Hakuna aliyetoa amri. Kila mmoja alikwenda kwa wa kwake, akamgeuza, na kila aliyegeuzwa aliamka akalia, mpaka chumba kizima kikawa kilio na huwezi kumsikia mtu aliye karibu yako. Msichana akarudi na beseni lake la nepi, akasimama mlangoni, akafunika uso. Mshona vifungo akamshika mkono akamwingiza ndani, akamkabidhi mtoto amshikie. Mimi nikapata akili, nikakimbia getini.

Sikuhitaji kueleza. Dada yangu alikuwa tayari amesimama, amesikia kilio chote kile hadi barabarani. Mlinzi akatazama pembeni, geti likawa wazi. Alivyoingia chumbani hakumsuta mtu. Wallahi ningekuwa mimi ningewasuta mpaka kesho kutwa. Alimpokea Kifungo, akamsogeza kwenye mwanga, akamtazama midomo, akamtazama kucha, akamwekea sikio kifuani. Akasema, "Anavuta vizuri. Lakini mpeleke kliniki sasa hivi, nesi amwone. Usisubiri kengele."

Mwendokasi alikuwa analia bila sauti. "Mama," akasema, "mimi ndiye niliyekusema kwa msimamizi."

"Najua. Nenda."

Mlango ulikuwa umezibwa. Msimamizi alikuwa amesimama pale, jasho linamtoka, saa yake inang'aa, nyuma yake ukumbi mzima wa cherehani hauna mtu na kola zimerundikana kama mlima. Naye alikuwa ameogopa, niliona. Lakini mtu akiogopa mbele ya watu anaowaamuru, hushika lile alilolizoea.

"Si ameamka?" akasema. "Mnyamazisheni basi, mtu arudi kazini."

Mwendokasi akampangusa Kifungo uso kwa kiganja. "Simnyamazishi."

"Kwa hiyo huyu mama anarudi, watoto wanalazwa anavyotaka yeye, na huyu atakuwa analia hivi kila siku?"

"Atalia."

"Na wewe utakuwa unaacha mashine?"

"Nitaacha."

Akatutazama sisi wengine juu ya bega la Mwendokasi, akitafuta hata mmoja wa kumpa sura ya kukubali. Akamtazama mshona mikono, akamtazama mshona vifungo, akanitazama mimi. Hawa ndio wale waliokuwa wakimkata mwenzao jicho kila akiinuka. Watoto walikuwa bado wanalia, wote kwa pamoja, na hakuna mama hata mmoja aliyekuwa akimbembeleza wa kwake. Tulisimama tukawaacha walie, tukimtazama, mpaka akatoka mlangoni na Mwendokasi akapita.